Shajara ya mradi: toka ufukweni mpaka mwambani, Jambiani

Disemba, kaskazi imeshaingia

Mradi wenyewe ndo huu: nimechukua kipande kimoja cha pwani ya kwetu Jambiani, Zanzibar, chembamba tu, kinaanzia pale mchanga mkavu unapoishia mpaka kule nje mawimbi yanapovunjika, na ndani yake nataka kujua kila mnyama anaishi vipi, manake maji yanaondoka na kurudi mara mbili kwa siku na sio kila kiumbe ana miguu au mapezi ya kuyafuata. Maabara sina. Nina daftari, penseli (wino hauandiki kwenye maji, penseli inaandika), kipimajoto, simu ndani ya mfuko wa plastiki, raba za kutembelea mwambani, na ndoo ilokatwa kitako ikabandikwa kioo kwa silikoni, ukiizamisha kidogo unaona chini safi kabisa hata kama upepo unapiga. Na nina mama mdogo wangu, anachokoa pweza hapa tangu mimi sijazaliwa, anaujua huu mwamba shimo kwa shimo.

Nimeanza kwa sababu inaniuma kuona vitabu vya skuli vinataja matumbawe mistari miwili alafu vinapita, wakati sisi tumezaliwa juu yake. Ukuta wa nyumba ya bibi ni mawe ya matumbawe, chokaa yake imechomwa kwa matumbawe, na pale plasta ilipobanduka unaona vijinyota vidogo vidogo vimepangana, ndo vile vile utavyoviona kwenye tumbawe hai kidimbwini. Haya majabali ya pwani yetu yalikuwa mwamba chini ya maji. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu ya hapa ilipo leo kwa mita kadhaa, ikashuka, mwamba ukabaki nchi kavu, ndo huu tunaochimbia visima na kujengea. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ile yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, nayo imechongwa kwenye tumbawe, na mpaka leo inasomeka.

Kwa anaeanza kabisa: tumbawe ni mnyama. Lile jiwe ni mifupa yake tu. Mnyama mwenyewe anaitwa polipi, mdogo, laini, ana mdomo mmoja katikati na vimikono kuuzunguka, mdomo huo huo ndo wa kulia na ndo wa kutolea uchafu, na kwenye vimikono kuna sindano ndogo mno za sumu za kunasia vidudu. Polipi kwa maelfu wameungana nyama kwa nyama, wote wanajenga chokaa chini yao. Lakini chakula chao kikubwa hawakiwindi. Ndani ya nyama ya polipi wanaishi vimwani vya seli moja, vinapata mwanga, vinatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo inakwenda kwa polipi, inaweza kufika mpaka asilimia 90 ya nguvu anayoihitaji. Ile rangi ya kahawia na ya kijani unayoiona kwenye tumbawe kwa sehemu kubwa ni yao. Mambo mengi huku mbele yatarudi kwenye jambo hili moja kwa hiyo likae kichwani.

Disemba, bado niko kwenye maji

Kabla ya wanyama nimekaa na ratiba ya maji. Kila mtu wa hapa anaijua, sema hatuifikirii. Bamvua la kwetu, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, linakauka kabisa saa 4 mpaka saa 5 asubuhi, na tena saa 4 au 5 usiku. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, ndo yanakupwa alasiri na alfajiri, lakini hayatoki mbali. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua kubwa inakaribia mita 4, maji mafu yanacheza kwenye mita moja hivi.

Sasa tizama maana yake. Siku ambazo mwamba unabaki wazi kuliko siku zote, ni saa ambayo jua linapanda kichwani. Ziko pwani nyengine duniani ambazo bamvua lao hukauka alfajiri na magharibi, wanyama wao wanabaki nje wakati wa ubaridi. Wa kwetu hawana nafasi hiyo, kila bamvua la mchana ni jua. Alafu ongeza hili: bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na Machi ndo mwezi ambao maji ya bahari yetu yana joto kuliko miezi yote, na jua la Machi linatupitia juu ya utosi. Vitu vitatu kwa mpigo. Nimeandika MACHI kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari, kila ninachokiangalia kabla ya hapo najiuliza huyu mnyama Machi atafanyaje.

Januari, sehemu ya juu, mawe na mchanga

Huku napita haraka. Kwenye mawe yanayoloweka maji mara chache kuna konokono wadogo weusi wa mviringo, wameganda juani kutwa. Ukimgeuza unakuta ana kifuniko kigumu kilichoziba mlango wa kombe lake, ndani kahifadhi maji kidogo, anasubiri. Joto likizidi wengine wananyanyua kombe lisigusane sana na jiwe. Kaa wa mchangani wao wanachimba, chini kidogo tu mchanga ni baridi na mbichi. Na wale kaa wanaohamia kwenye makombe matupu wanajikusanya kwenye kivuli cha jiwe mpaka maji yarudi. Huku juu njia ni tatu, funga mlango, jichimbie au tafuta kivuli, na wote wanaishi salama.

Januari, majani na mashamba ya mwani

Hapa nimekaa sana kwa sababu ndo kazi ya kina mama wa kwetu. Mwani wa kulima ulianza huku upande wa mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani, na aina ni mbili, spinosum na kotoni. Kotoni ndo yenye bei. Na kotoni ndo inayokufa, maji yakipata moto inalainika, inageuka nyeupe kwenye vikonyo, inakatika. Spinosum inavumilia zaidi lakini bei yake ndogo. Kina mama wengine wameanza kupeleka kamba zao maji ya kina ambako joto halipandi sana, kazi ngumu hiyo kwa mtu asiejua kuogelea, inataka boti, inataka msaada. Nnaiandika hapa kwa sababu joto linaloiua kotoni ndo hilo hilo ninalolifuata kwenye matumbawe, na kina mama wameliona mapema kwenye mifuko yao.

Kwenye majani ya baharini kuna majongoo bahari, wanyama laini wenye umbo la tango. Anatembea pole pole anameza mchanga, anachuja uchafu wenye lishe, anatoa mchanga safi nyuma. Anapumua kwa nyuma pia, anavuta maji ndani anayatoa. Ngozi yake ina uwezo wa ajabu, anaweza kuifanya ngumu au kuilegeza mpaka akajipenyeza kwenye ufa mwembamba, alafu akaikaza tena humo humo ukawa humtoi. Aina moja nlomgusa katoa nyuzi nyeupe zenye gundi, zinanata vidoleni kuliko ute wa bamia, nikasugua kwa mchanga mpaka nikachoka. Kaa akizongwa na nyuzi zile hana ujanja. Wengine wakibanwa sana wanatapika matumbo yao kabisa, wanamuachia adui, wao wanaondoka na kuota mengine.

Majongoo wamepungua sana kwa sababu ya biashara. Mama mdogo anasema zamani ulikuwa huweki mguu bila ya kumkanyaga.

Februari, vidimbwi

Sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maji yakitoka vinabaki vidimbwi katikati ya mwamba, vyengine vya kufika gotini, vyengine kifundo cha mguu, na ndani yake matumbawe hai.

Kuna moja la mviringo, limelala kwenye kidimbwi kirefu, nikinyoosha mikono yote miwili juu yake vidole vinafika ukingoni kwa shida. Juu ni tambarare, pamekufa, pamekauka, pana majani majani na makombe madogo. Pembeni kuzunguka lote ni hai, rangi ya kahawia ya dhahabu, ukishusha ndoo ya kioo unaona vijinyota vyenyewe. Nlikuwa najua tu kwamba "limekufa kichwa". Kumbe ndo umbo lake la hapa. Tumbawe la aina hii, Porites, linakua kwenda juu mpaka linafika usawa wa maji makavu kabisa, likipita hapo tu polipi wa juu wanakauka, kwa hiyo linaacha kupanda linaanza kutanuka pembeni. Ule ukingo wake ni alama ya maji, wanasayansi wanasoma usawa wa bahari wa miaka ya nyuma kwa kutizama matumbawe ya namna hii, maana usawa ukibadilika na kichwa chake kinabadilika. Na Porites anakua polepole, kama sentimita 1 kwa mwaka. Kwa upana wa hili la kwangu, kuanzia katikati mpaka ukingoni, lilikuwepo miaka mingi kabla ya Mapinduzi ya 1964. Kila bamvua la asubuhi tangu wakati huo limelipitia.

Polipi wanavyojikinga hapo: maji yakianza kuwaacha wanajikunja ndani ya vijumba vyao vya chokaa, alafu tumbawe lote linatoa ute, unaling'arisha, ukilitizama kwa pembeni linameta juani. Ule ute unazuia kukauka. Baadhi yao pia wana protini zinazong'aa ndani ya nyama, zinapunguza makali ya mwanga kabla haujavifikia vimwani. Ndo silaha zao zote hizo. Konokono anafunga mlango, kaa anachimba, jongoo anajipenyeza, tumbawe halina pa kwenda, na mbaya zaidi haliwezi hata kujificha gizani kwa muda mrefu kwa sababu vimwani vyake vinataka mwanga. Linalazimika kukaa juani ili lile, na jua hilo hilo ndo linaloliua.

Kipimajoto: maji ya nje kwenye mkondo nyuzi 29, kidimbwi kikubwa 32, kile kidogo cha pembeni 35 saa 5 na nusu asubuhi. Bahari moja, hatua chache tu. Kwenye kile kidogo matumbawe yapo machache na yote ni ya namna ya donge, hakuna hata moja la matawi. Hilo nimelipigia mstari.

Kidimbwi kikubwa kina ua la bahari, anemone, na samaki wake wale wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni. Anemone ni ndugu wa tumbawe, ana sindano zile zile, samaki mwengine akigusa anachomwa. Hawa wana ute juu ya magamba unaofanya anemone asiwashambulie. Kwenye kila anemone mkubwa kuliko wote ni jike, anaefuata ndo mume wake, na wengine wadogo hawazai. Jike akifa, yule dume anageuka kuwa jike na mdogo anaefuata anapanda kuwa dume. Unaona mantiki yake ukikaa pale. Kutoka kwenda kutafuta mke anemone nyengine ni kuliwa njiani, kwa hiyo mambo yote yanamalizwa humo humo nyumbani.

Februari mwishoni, pweza

Nimemuomba mama mdogo anichukue siku nzima ya kazi yake. Kaniambia, "Njoo, lakini usinitangulie, na usikanyage hayo meupe meupe mbele." Nikasema sawa mama mdogo.

Anatembea kainama, mchokoo, fimbo yake ya kuchokolea, mkononi, hazungumzi. Kasimama mbele ya mwamba ambao mimi naona ni mwamba tu. "Yumo."

"Umejuaje mama mdogo?"

"Tizama mlango wake mwanangu. Kala kaa, hata jana hajafika huyu."

Kweli, chini ya ufa kulikuwa na magamba ya kaa safi hayajaota uchafu, na makombe mawili matatu yamefunguliwa, na vijiwe vimevutwa vikapangwa kwenye tundu ndani, amejifungia. Hapo ndo ujuzi wenyewe wa hii kazi, unasoma takataka za mlangoni. Nimeandika kurasa nyingi kwa maneno yake kuliko nilizoandika kwa kusoma mtandaoni.

Kaingiza mchokoo taratibu, pweza katoka nusu. Nlikuwa nimelala na ndoo ya kioo karibu kabisa. Alikuwa kahawia na mabaka, ngozi imesimama vipele vipele sawa na mwani uliokuwa ubavuni kwake. Sekunde ile ile akawa mweupe mtupu, ngozi laini haina kipele hata kimoja, alafu giza likampitia toka kichwani mpaka mikononi kama wingu. Yaani nlisahau kupiga picha. Inavyofanya kazi ni hivi: ndani ya ngozi ana vifuko vya rangi, vya njano, vyekundu, vya kahawia, kila kimoja kimezungukwa na misuli midogo iliyounganishwa na mishipa ya fahamu moja kwa moja kutoka kwenye ubongo. Msuli ukivuta, kifuko kinatanuka rangi inaonekana, ukiachia kinajikunja rangi inapotea. Ndo maana ana haraka hivo, kinyonga anakaa kusubiri, pweza ni kufumba na kufumbua. Na pweza ana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga machoni, maana yake rangi haoni kama tunavyoona sisi, na bado anafanana na mwamba aliolala juu yake. Ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma, na sehemu kubwa ya seli zake za fahamu ziko mikononi, kila mkono unapapasa na kuamua mambo yake mwengine ukiwa na kazi nyengine. Anapita kwenye ufa wowote ambao mdomo wake unapita, hana mfupa wowote.

Ufa wa pili, mama mdogo kachokoa kidogo, kasimama. "Huyu ana mayai. Haondoki." Akautoa mchokoo, tukapita.

Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Anaziba mlango, anatundika mayai kwenye dari ya shimo, anakaa nayo anayapepea maji na kuyasafisha, hali kitu, na yakianguliwa anakufa. Pweza wetu huyu wa mwambani anaishi kama mwaka mmoja hivi au kidogo zaidi, kwa hiyo ukimtoa na mayai umeutoa msimu wote unaokuja. Na wanakua haraka sana, ndo maana kufunga mwamba kwa muda kunaleta faida inayoonekana. Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, wakafunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi, walipofungua wakatoa pweza wakubwa, vijiji vyengine vikafuata. Kwetu Zanzibar watu wa Kisiwa Panza kule Pemba nao wamekuwa wakifunga na kufungua. Mama mdogo analipenda wazo hili lakini anasema kitu ambacho nataka watu wakisikie, kufunga kuna maana ikiwa wote wanafunga, akina mama wanaotembea kwa miguu na vijana wenye miwani ya kuzamia na bunduki za mishale, sio mmoja anakaa nyumbani na mwengine anaingia usiku.

Jengine lake: akigeuza jiwe analirudisha kama lilivokuwa, upande wa chini chini. Chini ya jiwe kuna wanyama waliozoea giza na unyevu, ukiliacha limepinduka wanakufa wote kwa jua la saa moja. Wengi wetu hatulirudishi. Jamani tulirudisheni.

Machi, bamvua kubwa

Nimefika vidimbwini saa 4 kasoro. Maji yametoka mbali mno, watu wamejaa mwambani, joto halisemeki, hakuna upepo kabisa maana kaskazi imeshachoka na kusi bado. Kidimbwi kikubwa nyuzi 34. Kile kidogo kimepita 36.

Natumia kadi ya CoralWatch, ya Chuo Kikuu cha Queensland Australia, imeanza kutumika tangu 2002. Ina rangi zimepangwa toka 1 mpaka 6, moja inakaribia nyeupe, sita imekoza kabisa. Unaiweka ubavuni mwa tumbawe ndani ya maji, unaandika namba ya sehemu iliyopauka kuliko zote na namba ya iliyokoza kuliko zote, kila mara tumbawe lile lile. Februari matumbawe ya matawi ukingoni mwa kidimbwi kikubwa yalikuwa 4 na 5. Leo mengi ni 2 na 3. Ncha za matawi nyeupe. Anemone nae kapauka, samaki wake wamo bado.

Yale madonge ya kidimbwi kidogo, penye joto kuliko kote, 4 na 5 vile vile kama Februari. Nimepima upya nikampa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliekuja nami apime bila ya kumwambia namba zangu, katoa hizo hizo.

Kupauka ni hivi. Joto likizidi na mwanga ni mkali, mitambo ya vimwani ya kutengeneza sukari inavurugika, inaanza kutoa kemikali za oksijeni zinazounguza nyama ya polipi kutoka ndani. Polipi anavitoa vimwani nje. Nyama yake haina rangi, unaona mfupa mweupe kwa ndani, ndo ule weupe. Bado yuko hai lakini ana njaa. Joto likishuka mapema anaweza kupokea vimwani tena, likikaa wiki na wiki anakufa na mwani mwengine unaota juu ya mifupa. Na kiwango chenyewe kidogo sana, nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la mwezi wa moto kuliko yote, ikikaa wiki kadhaa, inatosha. Mwaka 1998 upande wetu huu wa Bahari ya Hindi ulipigwa vibaya mno, 2016 ukapigwa tena, na Aprili 2024 wataalamu wa NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, na wenzao wakatangaza kwamba dunia nzima imeingia kwenye tukio la nne la kupauka.

Sasa kwa nini la kidimbwi cha moto limesimama na la kidimbwi cha nafuu limepauka? Umbo na aina vina sehemu yake, madonge ya Porites yana nyama nene na kwa kawaida yanavumilia kuliko ya matawi. Lakini kuna utafiti umenikalisha usiku kucha nikiusoma kwa bando la mwisho. Kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, kina vidimbwi nyuma ya mwamba, kimoja maji yake yanapanda mpaka kupita nyuzi 34 wakati wa kupwa na chengine hakifiki huko. Stephen Palumbi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichukua tumbawe la aina moja, la matawi, wakalihamisha toka kidimbwi cha ubaridi kwenda cha joto. Chini ya miaka 2 yale yaliyohama yakawa yanavumilia joto zaidi kuliko ndugu zao waliobaki, ingawa hayakuwafikia kabisa wenyeji wa kidimbwi cha joto. Matokeo yalitoka 2014. Maana yake sehemu moja ya ule uwezo inazoeleka katika maisha ya tumbawe lile lile, na sehemu nyengine ni ya kuzaliwa nayo. Kuna na vimwani vyenyewe, viko vya aina nyingi, vyengine kama Durusdinium vinastahimili joto kuliko wengine, tumbawe lenye hivyo linapona ila linakua taratibu zaidi.

Mimi ninavyoona, na hili ndo nataka liwafikie watu: vile vidimbwi vya karibu na ufukwe ambavyo kila mtu anavikanyaga akienda kule kwenye mwamba mzuri wa nje, ambavyo boti zinatupa nanga, ambavyo wageni wanapitishwa na raba zao kwa sababu "pale hakuna kitu", ndo vina matumbawe yaliyokwishapita kwenye joto linalokuja. Tukisema tunatunza mwamba tunafikiria nje, visiwa vya Mnemba na Chumbe. Hivi vya kidimbwini hakuna anaevihesabu.

Aprili, masika

Mvua. Mawingu yamefunika, joto la vidimbwi limeshuka, siku moja kidimbwi kidogo nimepima 29 tu. Ila mvua ikinyesha kwenye maji makavu inamwaga maji baridi yasio na chumvi juu ya matumbawe, nayo ni adha nyengine. Matawi ya kidimbwi kikubwa: baadhi yameanza kurudi, namba 3. Matatu yamekufa, yameshaota utando wa kijani. Nimeyapiga picha.

Juni, kusi

Maji yamepoa, bahari nje imechafuka, mwambani pembeni hakuendeki. Nimekwenda Chumbe na wanafunzi, wao wana utaratibu wa kupokea skuli za hapa. Eneo lile limefungwa kwa uvuvi kisheria tangu 1994, samaki aina zaidi ya 400, na kitu kilichonigusa ni pono. Kwetu pono wadogo wadogo na wa kubahatisha, pale wanapita makundi unasikia kabisa masikioni wanavyotafuna, krr krr, meno yao yameungana yakawa mdomo wa kasuku, wanakwangua mwani kwenye jiwe wanatoa mchanga mweupe nyuma. Sehemu ya mchanga wa fukwe hizi tunazopiga nazo picha ni kazi yao. Wanasafisha jiwe, na mtoto wa tumbawe anaeelea anataka jiwe safi ili ashike. Usiku baadhi ya pono wanajitengenezea mfuko wa ute wanalala ndani, unawakinga na vidudu vya kunyonya damu.

Na kikande. Samaki huyu ndo anaekula wale wanyama wa mviringo wa baharini (sea urchin) wenye miiba mirefu myeusi, anampulizia maji kwa mdomo mpaka apinduke alafu anamla tumboni kwenye miiba mifupi. Mtafiti Tim McClanahan, aliefanya kazi miaka mingi pwani ya Kenya, alionyesha kwamba wakivuliwa sana vikande, wale wa miiba wanajaa wanalikwangua tumbawe mpaka mwamba unadhoofika. Hapa Jambiani, ukishuka ukingo wa nje, miiba imejaa. Vikande sikumbuki mara ya mwisho kuwaona wakubwa isipokuwa sokoni.

Agosti

Matawi ya kidimbwi kikubwa yaliyobaki yote yamerudi 4. Anemone karudi na rangi yake, samaki watatu bado wamo, yule mkubwa ananishambulia kioo cha ndoo kila nikimkaribia. Orodha ya wanyama nimeiandika kwa majina ya hapa kwetu kama mama mdogo anavyoyataja, na jina la kisayansi pembeni, nakala imekwenda skuli, mwalimu kasema wataitumia kidato cha tatu. Kwa nahodha wa boti za wageni nimeshazungumza, wawili wamekubali kuweka boya moja la kudumu badala ya kutupa nanga kidimbwini, kamba na saruji tunachangishana.

Kinachofuata ni usiku. Bamvua kubwa la Septemba linakauka saa 4 usiku pia na hapo shida inageuka, hakuna jua, kwa hiyo vimwani na majani yote kidimbwini hayatoi hewa, yanaitumia tu pamoja na wanyama, na maji hayabadilishwi mpaka yajae. Hewa inakwisha. Kule kisiwa cha Heron, Australia, kuna papa mdogo wa mwambani anaekaa vidimbwini usiku, anaweza kustahimili karibu bila hewa kwa muda mrefu na kutembea kwa mapezi kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Wa kwetu nani anakaa, nani anaondoka maji yakipungua, nani anakuja juu kupumua, sijaona pahala palipoandikwa kwa Kiswahili. Tochi mbili zipo, kipimo cha hewa ya majini nimeahidiwa kuazimwa kwa usiku mmoja. Mama mdogo anasema usiku mikunga, wale samaki wa umbo la nyoka wanaouma, hutoka, tuvae raba ndefu.